Mnyama Aliyepotea Bado Ana Mwenyewe

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Wanachama, katika kuadhimisha miaka kumi ya Chama Kikuu chetu cha Ushirika)



Miaka kumi ni umri wa mtoto aliyekwisha kujua kuchunga ndama. Hajawa mtu mzima, lakini baba yake aweza kumwachia kundi dogo bila ya hofu. Chama chetu nacho kimefika umri huo. Wasemaji walionitangulia wameeleza vizuri habari za mizani, maghala na bei ya mazao, nami sina la kuongeza katika hayo. Nimeombwa niseme juu ya jambo moja ambalo huonekana dogo, lakini limekwisha kuvunja ujirani katika vijiji vingi. Jambo hilo ni hukumu ya mnyama aliyepotea, ambaye mwenyewe hajulikani.

Sababu ya kulichagua ni wazi. Katika orodha ya shughuli za mkutano huu limo pendekezo, lililoletwa kwa nia njema kabisa, kwamba mifugo yote itakayokutwa ikizurura katika eneo la vyama vyetu vya msingi, na isidaiwe na mtu, ikusanywe na Chama Kikuu, iuzwe mnadani, na fedha zake zitiwe katika Mfuko wa kujenga ghala jipya. Waliolileta wametaka kuwapunguzia wanachama mzigo wa michango. Nawaheshimu, na ghala twalihitaji. Walakini naomba ruhusa yenu nieleze kwa nini nadhani nusu ya kwanza ya pendekezo hilo ni njema, na nusu ya pili ni ya hatari.

MTAMBA MWEKUNDU

Nilipokuwa mtoto, jioni moja ya kiangazi, kundi la baba yangu lilirudi zizini likiwa na ng'ombe mmoja zaidi. Alikuwa mtamba mwekundu, mwenye baka jeupe begani, na sikio lake la kushoto lilikuwa limechanjwa mara mbili. Baba hakumfukuza, wala hakumficha. Kabla ya jua kuzama aliwaita majirani wawili, akawaonyesha baka lile na chanjo zile, akasema, "Mmemwona usiku haujaingia." Asubuhi alikwenda kutoa habari kwa mkubwa wa kijiji, na kila siku ya gulio alimtuma kaka yangu kupiga mbiu kwamba amepatikana mtamba mwekundu, na mwenye kupotelewa aje ataje alama. Ilitangazwa rangi tu. Baka na sikio yalifichwa, ili mwongo asipate pa kushika.

Ikapita miezi minane. Yule ng'ombe akazaa ndama jike, na majirani wakaanza kusema kwamba sasa amekuwa wa kwetu. Kisha akaja mzee mmoja kwa miguu, mwendo wa siku tatu, akataja baka na chanjo mbili kabla hajaingia uani. Kumbe mtamba yule alikuwa amewekwa awe katika mahari ya mwanawe, na posa ilikuwa imesimama tangu siku alipopotea. Baba alimtoa ng'ombe pamoja na ndama wake. Mzee akauliza, "Na malisho ya miezi minane?" Baba akajibu kwamba maziwa tangu azae yamekwisha kulipa. Walipoagana, mzee alimwachia baba mbuzi mmoja, kwa shukrani wala si kwa kudaiwa.

Ndugu zangu, katika kisa hiki kidogo mna sheria nzima. Mna mashahidi, mna tangazo, mna alama iliyofichwa ili kumpima mdai, na mna kungoja. Mna kanuni kwamba ndama humfuata mama yake. Tena mna haki ya aliyechunga, ambaye hupata malipo ya jasho lake pasipo kumpata mnyama. Juu ya hayo yote mna jambo ambalo baba alilijua na majirani walilisahau: nyuma ya kila mnyama aliyepotea yuko mtu anayemtafuta, na mara nyingi mtu huyo ameahirisha jambo kubwa la maisha yake.

DINI NA DESTURI

Mafundisho haya si ya kijiji chetu peke yetu. Katika Torati, kitabu cha Kumbukumbu, sura ya 22, yule anayemwona ng'ombe au kondoo wa mwenzake amepotea haruhusiwi kujifanya hakuona. Yampasa amrudishe, na kama mwenyewe yuko mbali au hajulikani, amweke nyumbani kwake hata atakapokuja kumtafuta. Na katika kitabu cha Kutoka, sura ya 23, wajibu huo wafika hata kwa mnyama wa adui.

Katika Uislamu, jambo hili limepewa mlango wake katika vitabu vya sheria. Imepokewa katika Hadithi kwamba Mtume Muhammad (S.A.W.) aliulizwa juu ya vitu vilivyookotwa, akaagiza vitambuliwe alama zake na vitangazwe mwaka mzima. Juu ya kondoo aliyepotea alijibu kwamba asipochukuliwa na mtu atachukuliwa na mbwa mwitu, maana hawezi kujilinda. Lakini alipoulizwa juu ya ngamia alichukizwa, kwa kuwa ngamia ana miguu yake na maji yake tumboni, naye aachwe mpaka mwenyewe amkute. Ndipo zikaja zama za Khalifa Uthman, naye akaamuru ngamia waliopotea watangazwe, kisha wauzwe, na mwenyewe akija apewe thamani yake. Wanazuoni wameeleza kwamba watu walikuwa wamebadilika, na ngamia aliyeachwa hakuwa tena katika usalama. Njia ya kumlinda mnyama ilibadilika kwa kufuata hali ya watu, lakini haki ya mwenyewe haikubadilika. Mnyama aligeuka fedha, na fedha zile zikabaki kuwa amana.

SHERIA YA WAINGEREZA

Sheria za nchi zetu za Afrika ya Mashariki zilijengwa kwa sehemu kubwa juu ya sheria ya Kiingereza, kwa hiyo yafaa tujue wao walifanya nini. Kwa kawaida yao ya kale, mnyama wa kufugwa aliyekutwa akizurura, na mwenyewe hajulikani, alitangazwa kanisani na katika miji miwili ya soko iliyo karibu. Baada ya kupita mwaka mmoja na siku moja bila ya kudaiwa, aliingia katika mali ya Mfalme, au ya bwana wa ardhi ile aliyepewa haki hiyo na Mfalme. Katika muda wa kungoja, aliyemweka hakuruhusiwa kumfanyisha kazi. Blackstone, mwanasheria mkubwa wa Uingereza aliyeandika katika miaka ya 1760, aeleza kwamba aliyemtumikisha mnyama huyo aliweza kushitakiwa, lakini ng'ombe aliruhusiwa kukamwa, kwa sababu kukamwa ni kwa faida ya ng'ombe mwenyewe. Mwaona kwamba baba yangu, ambaye hakupata kusikia jina la Blackstone, alikuwa amefika mahali pale pale.

Mwaka 1971 Uingereza ilitunga sheria mpya ya wanyama. Mtu akikuta katika ardhi yake mifugo iliyoingia pasipo mchungaji, aweza kuizuia. Lakini haki hiyo humtoka baada ya saa 48 asipotoa habari polisi, na kwa mwenyewe kama amjua. Yampasa kuilisha na kuinywesha, na ikidhurika kwa uzembe wake atalipa. Siku 14 zikipita, aweza kuiuza sokoni au mnadani. Katika fedha hizo hutoa gharama zake na fidia ya uharibifu, na kilichobaki ni cha mwenye mifugo. Msikilize tena sehemu hiyo ya mwisho, maana ndiyo roho ya hotuba yangu: kilichobaki ni cha mwenye mifugo.

Hata hivyo, yako pia makosa ya wenye wanyama. Katika miaka ya karibuni wakulima wa Uingereza walisumbuliwa na watu waliokuwa wakiacha farasi kwa makusudi katika mashamba ya wengine, wapate malisho ya bure. Farasi akikamatwa, mwenyewe hukaa kimya, kwa kuwa gharama zimezidi thamani yake. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 2015 iliwatoa farasi katika zile siku 14, ikaruhusu wachukuliwe hatua baada ya saa 96, maadamu habari imetolewa polisi katika saa 24. Basi muda wa kungoja waweza kufupishwa pale watu wanapougeuza kuwa hila, lakini haukufutwa.

YALIYOTOKEA WYOMING

Sasa niwapeleke Marekani, katika nchi ya Wyoming. Huko kilikuwako chama cha wafugaji kilichopewa na sheria jambo lile lile linaloombwa leo katika pendekezo letu.

Miaka ya 1870 na 1880 nyika za Wyoming hazikuwa na ua. Ng'ombe wa watu mbalimbali walichanganyika, na kila majira ya kuchipua walikusanywa, wakatengwa kwa chapa. Ndama aliyemfuata mamaye alipigwa chapa ya mamaye, nalo halikuwa na ugomvi. Ugomvi ulikuwa juu ya ndama asiye na mama wala chapa. Ndama wa namna hiyo aliitwa kwa jina la mtu, Samuel Maverick, mwanasheria wa Texas, ambaye alipokea ng'ombe 400 hivi kwa kulipwa deni katika miaka ya 1840, asishughulike kuwapiga chapa. Kwa desturi ya zamani, aliyetangulia kumpiga chapa ndama huyo alimchukua.

Mwaka 1884 Bunge la jimbo hilo lilitunga sheria kwamba ng'ombe wote wasio na chapa watakaokutwa katika mikusanyo ni mali ya chama cha wafugaji cha Wyoming. Waliuzwa kwa mnada, na fedha zikaingia katika hazina ya chama kuwalipa wakaguzi wake. Kwa maneno matupu jambo hilo lilikuwa na utaratibu mzuri: wizi utapungua, na chama kitajitegemea. Lakini chama hicho kilikuwa cha matajiri wenye makundi makubwa. Mikusanyo waliisimamia wao, wakaguzi walikuwa wao, na aliyeamua kama ndama ana mwenyewe au hana alikuwa mtu wao. Wafugaji wadogo waliona ndama wa ng'ombe wao wakiuzwa, na fedha zikiwalipa watu wa kuwapeleleza. Vijana wachungaji waliokuwa na ng'ombe wachache wao wenyewe walinyimwa kazi, kwa kuwa walidhaniwa ni wezi.

Kipupwe cha mwaka 1886 hadi 1887 kilikuwa kikali mno, na ng'ombe walikufa maelfu kwa maelfu. Matajiri walipopata hasara, macho yao yaliwaelekea wale wadogo. Sheria yenyewe ilibadilishwa baada ya miaka michache, lakini mbegu ya chuki ilikuwa imekwisha kupandwa. Mwezi wa Aprili 1892 watu wapatao 50, wengine wamekodiwa kutoka Texas, walitoka Cheyenne kwa gari la moshi la usiku, wakiwa na silaha na orodha ya majina ya watu wa wilaya ya Johnson waliokusudiwa kuuawa. Waliwaua wawili, Nate Champion na Nick Ray, katika nyumba moja ya shamba waliyoizingira. Habari zilipoenea, wananchi zaidi ya 200 walitoka na bunduki, wakawazingira wavamizi wale. Jeshi la Serikali lilifika kwa amri ya Rais Harrison, likawatoa wavamizi salama. Kesi yao ilifutwa mwaka uliofuata bila ya mtu kutiwa hatiani.

Ndugu Mwenyekiti, sisemi kwamba ndama mmoja ndiye aliyeleta vita hivyo, wala sisemi kwamba chama chetu ni chama cha matajiri. Nasema kwamba pale ambapo yule anayeamua kama mnyama ana mwenyewe ndiye yule atakayefaidika asipokuwa naye, hakimu amekwisha kuwa mrithi, na hapana mtu atakayeamini hukumu yake hata akihukumu kwa haki. Wahenga wetu walisema kuku wa maskini hatagi, na akitaga haangui, na akiangua halei, na akilea huchukuliwa na mwewe. Ushirika wetu uliundwa ili maskini asichukuliwe na mwewe. Tusijioteshe mabawa.

MNYAMA ALIYERUDI MWITUNI

Liko tawi jingine la jambo hili, nalo ni la mnyama ambaye hata mababu zake walikwisha kuachwa, akazaliwa porini pasipo kujua kamba. Katika nchi za magharibi ya Marekani wako farasi na punda wa namna hiyo, waliotokana na wale walioletwa na Wahispania na wengine waliowafuata. Waliwindwa na kuuzwa kwa nyama, mpaka watu wakalalamika. Bibi Velma Johnston wa Nevada alipigania jambo hilo kwa miaka mingi, na mwaka 1971 ikatungwa sheria ya kuwalinda farasi na punda wasio na chapa wala mdai katika ardhi ya Serikali Kuu.

Mwezi wa Februari 1974 mfugaji mmoja wa New Mexico alilalamika kwamba punda walikuwa wakisumbua ng'ombe wake na kula chakula chao. Bodi ya mifugo ya jimbo hilo ikawakamata punda 19 katika ardhi ya Serikali Kuu, ikawauza mnadani kwa sheria ya jimbo ya wanyama waliopotea. Kesi ikapanda hadi Mahakama Kuu ya nchi nzima, nayo mwaka 1976, kwa kauli moja ya majaji wote, ikaamua kwamba sheria ya Serikali Kuu ndiyo yenye nguvu katika ardhi yake. Punda wale hawakuwa na mwenyewe, na hata hivyo bodi haikuwa na haki ya kuwauza.

Hapa tunajifunza neno moja la manufaa. Kabla ya kuuliza mnyama ni wa nani, yapasa kuuliza amekutwa katika ardhi ya nani, na chini ya sheria ipi. Ng'ombe aliyekutwa katika shamba la mwanachama, aliyekutwa katika malisho ya kijiji, na aliyekutwa katika hifadhi ya wanyama pori, hao ni watatu mbele ya sheria, hata wakiwa wamezaliwa na mama mmoja.

HALI YETU SISI

Tukirudi nyumbani, naomba tukumbuke mambo matatu.

La kwanza: aliyeokota hajawa mwenyewe. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania yasema kwamba aliyekuta kitu kilichopotea akakifanya chake hahesabiwi kuwa mwizi ikiwa hamjui mwenyewe, na anaamini kwa sababu za haki kwamba mwenyewe hawezi kupatikana. Angalieni maneno hayo, "kwa sababu za haki". Mtu ambaye hakutangaza, hakuuliza, akamhamishia ng'ombe usiku kwa shemeji yake katika wilaya nyingine, atatoa wapi sababu za haki? Na mwenye kumkata masikio mnyama ili kuondoa alama ya zamani amejiandikia ushahidi kwa kisu chake mwenyewe.

La pili: masharti ya chama cha ushirika huwafunga wanachama wake. Hayawezi kuchukua mali ya mtu asiye mwanachama, na ng'ombe anayezurura aghalabu ametoka mbali, kwa mtu ambaye hakupiga kura katika mkutano wetu. Sheria ndogo za jambo hili hutungwa na vijiji na halmashauri za wilaya, kwa mamlaka waliyopewa katika sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982. Sisi twaweza kusaidia, lakini hatuwezi kujipa mamlaka hayo.

La tatu: jambo hili linapoharibika, huharibika kwa damu. Mwezi wa Disemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wilayani Kilosa, watu 38 waliuawa katika ugomvi wa wakulima na wafugaji. Ugomvi kama huo una mizizi mingi, na ardhi ni mzizi mkubwa. Lakini mnyama aliyekamatwa na kuzuiliwa pasipo utaratibu ni cheche katika nyasi kavu, nasi sote twajua kiangazi chetu.

Nami mwenyewe nimeona uchungu wa jambo hili. Mahali fulani ambapo sitapataja, mama mmoja mjane alifungiwa ng'ombe wawili katika zizi la kuzuilia mifugo. Alipata habari siku ya tisa. Alipofika, ada ya kila siku ilikuwa imepanda mpaka akashindwa kulipa. Akaenda kuuza mahindi yake, na aliporudi ng'ombe walikuwa wamekwisha kuuzwa. Hakuonyeshwa daftari, hakupewa stakabadhi, wala hakuambiwa nani aliyenunua. Baadaye aliwaona ng'ombe wake wakichungwa na ndugu wa karani wa zizi lile. Sikuweza kumsaidia, kwa kuwa hapakuwa na karatasi hata moja ya kushika. Ndipo nikaelewa kwa moyo usemi ambao vyama vyetu huuandika ukutani, kwamba mali bila daftari huisha bila habari.

MASHAURI YANGU

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, badala ya pendekezo lililoko, naomba mkutano ufikirie haya.

Kwanza, kila chama cha msingi kiwe na Daftari la Mifugo Iliyopotea na Kupatikana. Iandikwe siku, mahali, aina, jinsia, rangi na mashahidi wawili. Alama za siri ziandikwe katika ukurasa wa pili, usioonyeshwa mdai kabla hajazitaja.

Pili, habari itolewe siku ile ile kwa Mtendaji wa Kijiji na kwa polisi, na tangazo lisomwe katika minada na magulio ya jirani. Chama Kikuu kina malori yanayokwenda kila upande kuchukua mazao. Dereva aliyebeba magunia aweza pia kubeba tangazo. Leo twaweza hata kulipeleka kwa simu katika vyama vyote kabla ya jua kutua. Hii ndiyo kazi ambayo ushirika waweza kuifanya vizuri kuliko mtu mmoja mmoja.

Tatu, mnyama mgeni atengwe na kundi mpaka Ofisa Mifugo amtazame. Homa ya mapafu, na ugonjwa wa miguu na midomo, haviulizi kama ng'ombe amekuja kwa wema au kwa ubaya. Na anayemtunza alipwe gharama za malisho kwa kiwango kilichopangwa na kubandikwa mbele ya watu, kisichopanda kwa hasira ya mtu.

Nne, kuuza kuwe ni hatua ya mwisho, baada ya muda uliowekwa na sheria ndogo na kwa idhini ya mamlaka yenye haki hiyo. Mnada uwe wa hadhara. Ofisa wa chama, karani wa daftari, na watu wa nyumba zao wasinunue.

Tano, na hili ndilo ninalolisisitiza: fedha zitakazobaki baada ya gharama na fidia ziwekwe mbali na fedha za Chama, kwa jina la mnyama yule kama alivyoandikwa daftarini, zikimngoja mwenyewe. Muda wa sheria ukiisha bila ya mdai, ziende kwa mamlaka ya umma itakayotajwa na sheria ndogo. Zisiingie hata shilingi moja katika Mfuko wa ghala. Ghala tutalijenga kwa ushuru wetu tuliokubaliana na kwa jasho letu. Litachukua muda zaidi, lakini hapana mjane atakayepita mbele yake akasema, "Bati lile ni ng'ombe wangu."

Sita, na hili ni la wafugaji wenzangu: tutie alama mifugo yetu. Tunayo Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010, na mwaka 2025 ilizinduliwa kampeni ya Taifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo, ambayo ng'ombe huvishwa hereni yenye namba yake. Wako wanaoikimbia kwa kuogopa kuhesabiwa. Nawaambia, ng'ombe asiyehesabika akipotea ni kama hakupata kuwako. Hereni ni mdomo wa mnyama, nayo humsemea mwenyewe asipokuwapo. Tena tusiwaachie watoto wadogo makundi makubwa karibu na mashamba ya watu, kisha tukalia kwamba tumeonewa. Haki ya kurudishiwa mnyama yaenda pamoja na wajibu wa kulipa alichokula.

MWISHO

Ndugu wanachama, sikuja kuharibu furaha ya siku hii. Nimekuja kuomba kwamba chama chenye miaka kumi kijulikane kwa jambo ambalo haliandikwi katika hesabu za mwaka: kwamba mtu wa mbali, asiyemjua mtu hapa, ambaye hana kadi yetu wala hisa zetu, akipotelewa na mtamba wake atasikia watu wakimwambia njiani, "Kama amepita katika eneo la Ushirika ule, nenda ukaulize; ukitaja alama utampata."

Baba yangu alipata mbuzi mmoja kwa miezi minane ya kuchunga. Majirani walimcheka. Lakini tangu siku ile, kila aliyepotelewa na mnyama alianza kuuliza kwetu, na kila aliyeokota alimleta kwetu aandikwe, ijapokuwa daftari la baba lilikuwa vifundo katika kamba tu. Heshima hiyo hainunuliwi mnadani. Naomba tuanze miaka kumi ya pili tukiwa na daftari letu mezani, limefunguliwa, na fedha za watu katika sanduku lake.

Mwenyezi Mungu akibariki Chama chetu, awabariki wanachama wake, na mifugo yao, na hata ile iliyoko njiani sasa hivi ikitafuta nyumbani.